Tetemeko la Jumanne na Barua ya Kerubo

Walimu wenzangu wa Mosocho, mmeniuliza mara nyingi kwenye chai ya saa nne, na mkiniona nimenyamaza mnageuza maneno. Swali lenu ni moja tu. Ilikuwaje mtu mzima, mwalimu wa jiografia, apite chini ya boma ambamo mama yake yuko hoi, aende zake Naivasha? Kulijibu kwa mdomo nimeshindwa, kwa hiyo nimeandika. Mkimaliza kusoma msiniletee pole. Nimepewa za kutosha.

Habari za kuomba ruhusa na kutafuta nauli naziacha. Nitawaeleza njia ilivyokuwa.

Mosocho hadi Kisii mjini

Jumanne ile mnaikumbuka. Nilikuwa nikifundisha darasa la sita. Madirisha yaligongagonga, chaki zikabingirika mezani, mtoto mmoja akaanza kusali, kisha kukawa kimya. Wengine walikimbilia nje. Mimi nilifurahi. Nimelifuta neno hilo mara mbili na kulirudisha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mnajua likizo iliyotangulia nilihudhuria mafunzo ya walimu, nikarudi na elimu mpya ambayo hata vitabu vyetu havikuwa nayo. Basi nikawaita watoto ndani na kuchora ubao mzima. Nikawaambia kwamba gamba la dunia limepasuka vipande vikubwa, vinaitwa mabamba, na vinasogea polepole kama ukucha unavyoota. Mabamba mawili yakigongana, ardhi hujikunja na kuinuka ikawa milima, kama ile ya Himalaya. Yakiachana, mawe yaliyoyeyuka hupanda kwenye ufa na kutoa volkano. Yakisuguana, hukwama, hukazana miaka na miaka, halafu siku moja huteleza ghafla. Mtelezo huo ndio tetemeko.

"Na letu limetoka wapi, mwalimu?" aliuliza mmoja.

"Limetoka Bonde la Ufa," nikasema bila kufikiri mara mbili. "Huko ndiko ardhi yetu inakoachana. Na kadiri mtu alivyo karibu na ufa, ndivyo anavyoumia zaidi." Sentensi hiyo niliipigia mstari ubaoni. Iliendelea kuwepo hapo hadi Alhamisi.

Alhamisi asubuhi mchuuzi wa ndizi alinikabidhi barua ya dada yangu Kerubo. Huyu ndiye kitinda mimba wetu, anayekaa na mama nyumbani, upande wa Nyamira. Aliacha shule darasa la tano, jambo lililonikera, nikaamua kumfundisha kwa barua. Nilimwamuru aniandikie kwa Kiswahili tu, nami kila barua nilimrudishia imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Alinitania siku moja kwamba barua zake zikitoka kwangu hurudi zinavuja damu. Ilisema hivi:

*Mwalimu. Baba ameumia sana. Udongo umemwangukia siku ya tetemeko. Anataka kukuona wewe. Fanya haraka. Ni mimi Kerubo.*

Hata hapo jicho langu lilitafuta makosa kwanza. Sikuona hata moja, na moyoni nikamsifu.

Mzee wetu, Mzee Nyakundi, alikuwa na miaka kadhaa akifanya kazi ya kuchimba mitaro kwenye kambi karibu na Naivasha, wanakotoboa ardhi kutafuta mvuke. Yaani kule kule kwenye ufa. Nani mwingine angeangukiwa na udongo siku ya tetemeko? Nikaona habari imefika nyumbani kupitia wafanyakazi wenzake, na Kerubo ameniletea. Jiografia yangu iliithibitisha barua, na barua ikaithibitisha jiografia yangu. Nilishika njia ya Kisii kwa miguu bila hata kufunga daftari la mahudhurio.

Mjini nikakuta basi la Kericho limeondoka. "Iko ingine saa sita," karani aliniambia. "Lakini saa sita ya huyu dereva si ya saa." Nikanywa chai, nikanunua mandazi mawili, nikayatia mfukoni pamoja na barua. Basi liliondoka saa saba na nusu.

Kisii hadi Nyamira

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Barabara ilikuwa nyekundu na laini, na kabla ya kufika Nyamira basi lilizama tope hadi ekseli. Dereva alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, magurudumu yakarusha matope, nasi tukazidi kuzama. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Mahali penyewe palikuwa chini ya mlima wetu. Nasema mlima wetu maana boma la kwetu liko pale juu, nusu saa ya kupanda kwa mtu mwenye haraka. Nikiwa nimesimama kando ya basi niliiona migomba ya mama na moshi ukitoka mahali pa nyumba. Watu walikuwa wengi uani kuliko kawaida. Nikasema wameshapata habari za mzee, wamekuja kumliwaza mama.

Nilifikiri kupanda. Ukweli ni kwamba nilipiga hatua kama ishirini hivi kwenye kile kijia. Kisha nikajiambia: nikipanda, mama atanishika mkono alie, na basi litaniacha, na mzee atafia mikononi mwa watu baki. Nikarudi. Nilidhani namhurumia mama.

Kati ya abiria alikuwepo Mama Akinyi, mwenye duka la samaki wakavu na omena sokoni Nyamira, mwenyeji wa Kendu huko ziwani. Ananifahamu tangu nikiwa mwanafunzi. Aliketi kwenye gunia lake, akanimegea ndizi.

"Mwalimu, pole na mgonjwa," akasema.

"Asante, mama. Ndiyo safari yenyewe hii. Naenda kumwona."

"Ni vizuri. Utafika saa ngapi?"

"Mungu akijalia, kesho jioni."

Aliacha kutafuna. "Kesho?"

"Kesho."

"Kesho ni mbali, mwalimu," akasema taratibu, na akaangalia juu mlimani, halafu akaangalia basi. Nikadhani anapima tope. Sasa najua kwamba alidhani natafuta dawa au daktari Kericho, na kwa adabu hakutaka kunihoji zaidi. Mgeni hamuulizi mwenye nyumba kwa nini anapita mlango wake.

Akabadilisha mazungumzo. "Hii kitu ya Jumanne ilikuwa kali. Kwetu Kendu vyungu vya mama yangu vyote vimevunjika. Hata kanisa iko na ufa."

Nami, walimu wenzangu, nilifanya nini? Nilimsahihisha. Nilimweleza kwamba Kendu ni mbali na Bonde la Ufa, kwamba tetemeko hudhoofika likienda mbali na chanzo, na kwamba labda vyungu vya mama yake vilikuwa vimepangwa vibaya. Alinisikiliza hadi mwisho. "Sawa, mwalimu," akasema. "Lakini vimevunjika."

Tulikaa pale karibu saa tatu. Wanaume tulisukuma, utingo akakata matawi na kuyapanga chini ya magurudumu, dereva akaiungurumisha injini mpaka masikio yakauma. Mlima mzima ulisikia. Jua likielekea kuzama, basi likachomoka, watu wakashangilia, na mimi pia nikashangilia.

Kericho

Tulifika giza limeingia. Mlinzi mmoja wa ghala, mzee wa Kikipsigis, alinionea huruma akanipa pa kulala kwenye chumba chake. Akanimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu. Nilipoona yana chembechembe nyeusi nikajua ni uchafu, nikasema nimeshiba. Alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo ni mkaa, mwalimu. Ya mti. Tunaweka sisi wenyewe, ndiyo maziwa ikue tamu." Nikanywa kwa aibu. Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye lori la viazi, akamwambia dereva, "Peleka huyu. Baba yake amefunikwa na mchanga." Mtu ambaye hanijui aliisema habari hiyo kwa huzuni, na habari yenyewe haikuwa kweli.

Kericho hadi Naivasha

Dereva wa lori alikuwa mcheshi, nami sikuwa na la kufanya ila kusema. Tulipopita Nakuru nikamwonyesha Menengai na kumwambia kwamba ule si mlima tu, ni volkano iliyojibomokea kwa ndani. Nikamwonyesha ukuta wa bonde, nikamweleza kwamba ardhi ya upande huu na ya upande ule zilikuwa kitu kimoja, zikavutana, na ya katikati ikaanguka.

"Ziliachana lini?"

"Bado zinaachana. Hata sasa tukisema."

"Basi wacha nikanyage mafuta kabla hazijamaliza," akasema, akakanyaga kweli.

Nilicheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipocheka katika safari hii. Nilinunua mahindi ya kuchoma Gilgil nisiyamalize. Mbele yetu Longonot ilikuwa imetulia na kinywa chake wazi, nami nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mtu anayekata roho. Tata, ndivyo tunavyomwita mzee wetu, na mimi hatukuwa na mazoea ya kuongea sana.

Kambi ya mvuke

Kambini nilifika Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kelele ya mvuke husikika kabla hujaona chochote. Hutoka kwenye bomba ukiwa mweupe na mkali, na hewa inanuka mayai yaliyooza. Nikapita katikati ya mabomba nikimuuliza kila mtu aliko mgonjwa, nao wakinitazama tu. Halafu nikamwona. Tata alikuwa ameketi juu ya gogo, bakuli la ugali na sukuma wiki magotini, anakula. Hakuwa na jeraha hata la msumari.

Nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia kwa furaha.

"Ogeto," akasema kwa Kigusii chetu, "nani amekufa?"

"Hakuna, Tata. Waliniambia umeangukiwa na udongo. Siku ya tetemeko."

"Tetemeko gani?"

Alikuja msimamizi wao, Bwana Mutua, mtu wa Machakos. Nikamuuliza kuhusu Jumanne. "Jumanne hapa hatujasikia kitu," akasema. "Hata chai haijamwagika." Nikabishana naye. Nilimweleza habari za mabamba, na kwamba ufa uko hapa tuliposimama. Akanisikiliza kwa upole, maana alikuwa amefanya kazi na wataalamu wa mawe miaka mingi.

"Ufa si mmoja, mwalimu," akasema. "Hili bonde limetoa tawi. Lingine linaenda kwenu, upande wa ziwa, Kendu, Homa huko. Ile milima ya Homa ni volkano ya zamani. Kama nyinyi mlitikisika na sisi hatukutikisika, basi yenu imetoka huko kwenu."

Vyungu vya mama yake Mama Akinyi vilinijia kichwani, kimoja kimoja.

Tata hakutujali. Yeye alielewa mambo haya kwa njia yake. Alikuwa akisema dunia ni uji unaochemka. Juu unaganda utando, chini unatokota, utando ukivutwa unapasuka, na penye ufa ndipo mvuke unapotokea. Hakuhitaji mafunzo ya likizo. Alinawa mikono, akaniambia, "Nisomee hiyo barua. Kama ilivyo. Usiigeuze."

Nikamsomea kwa Kiswahili kama ilivyoandikwa. *Baba ameumia sana.*

Alitaka kucheka. Niliiona tabasamu ikianza. Kisha ikakauka mdomoni.

"Soma tena pale mwanzo."

Nikasoma tena.

"Ogeto, tangu lini Kerubo ameniita mimi baba? Mimi ni tata."

Ninyi wenzangu mliozaliwa Gusini mmeshaelewa. Kwa wengine, nieleze. Kwa Kigusii baba mzazi ni tata. Na mama, yule aliyekuzaa, ndiye tunayemwita baba. Mtoto wa kwetu akianza kuandika Kiswahili hulichanganya neno hilo mpaka achoke, na hakuna kosa ambalo nimelipigia mstari mwekundu mara nyingi kuliko hilo. Kerubo nilimsahihisha mara tisa au kumi, hadi akaacha kulikosea. Lakini siku ile alikuwa akiandika mama akilia pembeni yake, na mkono uliandika neno ambalo mdomo wake ulikuwa ukiliita. Mwalimu wa kosa hilo, bingwa wa kosa hilo, alilisoma, akalisifu, akapanda basi.

Tata alisimama. Alitazama upande wa magharibi, ambako hakuna cha kuona isipokuwa ukuta wa bonde.

"Ni baba yenu," akasema. "Ni nyumba yangu imeanguka."

Kurudi

Hakukuwa na gari mpaka asubuhi. Tata ni Msabato wa tangu ujana, na maisha yake yote hajapanda gari siku ya Sabato. Jumamosi ile alipanda wa kwanza. Nakuru nilimnunulia chai, akakishika kikombe mpaka chai ikapoa, akanirudishia.

Tulilala Kericho. Ni pale ndipo aliponiuliza swali lake moja.

"Ulipita Nyamira saa ngapi?"

"Saa tisa. Basi lilikwama. Tulikaa hadi jua kuzama."

"Wapi?"

Nikamwambia wapi. Akajifunika blanketi uso mzima.

Nyumbani

Tulifika Jumapili baada ya saa sita. Kwenye kijia kile, penye zile hatua zangu ishirini, tukakutana na wanaume wakishuka. Walikuwa wamebeba majembe na yalikuwa yamekwisha oshwa. Tata alivua kofia. Hatukuhitaji kuambiwa.

Jikoni kwa mama ukuta mmoja haukuwepo. Ulikuwa wa udongo, umenyonya mvua ya wiki nzima, na Jumanne ulihitaji kutikiswa kidogo tu. Tetemeko lililomwangusha mtu Mosocho halikuwepo, wala la kumwangusha mtu Naivasha. Alikuwepo mama, ameinama anakatakata mboga ya chinsaga, mgongo kwenye ukuta mbovu ambao mimi mwanawe wa kwanza nilikuwa nimeahidi kuujenga upya kwa matofali tangu mwaka uliotangulia. Hilo sikulichora ubaoni.

Alikufa Alhamisi jua likizama. Ijumaa walituma mtu Mosocho, akajibiwa kwamba mwalimu ameondoka jana kwenda kwa mgonjwa, wakasema basi yuko njiani, wakangoja. Tata walimpelekea simu ya maandishi kutoka posta. Ilifika kambini tulipokuwa tumeshaondoka. Sabato hawakuchimba. Jumapili hawakuweza kungoja tena.

Kerubo alikuwa ameketi mlangoni, kichwa kimenyolewa. Hakunyanyuka. Nilikaa kando yake, na yeye akanisimulia bila kunitazama.

"Alhamisi alikuwa anasikia vizuri. Mchana kutwa alikuwa anauliza, Ogeto amefika? Halafu tukasikia gari huko chini imekwama, inanguruma. Akasema tumwinue kidogo. Akasema, hiyo gari ina mwanangu, wacheni nisilale kwanza." Akaonyesha kwa mikono. "Tulimshika hivyo, amekaa. Gari ikanguruma, ikanguruma. Halafu ikaenda. Akasema basi mnilaze."



Baadaye akaniomba ile barua. Nikaitoa mfukoni, imekunjamana, ina alama ya mafuta ya mandazi. Aliifungua gotini akaisoma kwa kidole, neno baada ya neno, kama nilivyomfundisha. Kidole kikafika kwenye neno la pili kikasimama pale. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wangu wa shati, mahali anapojua kalamu hukaa, akanipa pamoja na barua.

"Sahihisha, mwalimu," akasema.

Barua hiyo ninayo. Sijaitia alama, kwa sababu nimeisoma kila siku kwa lugha ya nyumbani kwetu, na sijaona kosa.